Nasaba na Majibu: Radegonde Alikuwa Binti wa Nani?

*Bibi Shajara, shikamoo.*

*Mimi ni mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura, na huu ni mwaka wangu wa tisa hapa Moncton, New Brunswick, Kanada. Mume wangu ni Mwakadia, yaani wa uzao wa Wafaransa waliohamia Akadia, mashariki ya Kanada, karne ya 17; kwao ni Memramcook, na kwa upande wa mama yake ni wa ukoo wa Blanchard. Mwanetu mkubwa amepewa kazi ya shule ya kuchora mti wa ukoo, na kazi hiyo imetuletea ugomvi nyumbani. Binamu wa mume wangu ana mti alioutoa mtandaoni unaosema mama wa kwanza wa Wablanchard wa Akadia ni Huguette Poirier, na anasema ana ushahidi wa kiapo wa mwaka 1767. Mama mkwe anakataa: ni Radegonde Lambert, ndivyo alivyofundishwa tangu utoto. Wifi yangu anakubali kuwa ni Radegonde, lakini anasisitiza kuwa mama yake Radegonde alikuwa Mmi'kmaq, mwenyeji wa asili wa nchi hii, kwa sababu kipimo cha vinasaba kimetoa herufi X. Siku hizi wifi amekwisha kujitambulisha kuwa na yeye ni mwenyeji wa asili. Mume wangu kanyamaza. Mtoto ana karatasi iliyofutwa mpaka imetoboka. Tumfuate nani?*

*Mama Wawili, Moncton*

Marahaba mwanangu. Kwanza mpe mtoto karatasi mpya.

Aliyepatia ni mama mkwe wako. Nakuomba habari hiyo uifikishe kwa upole, maana ugomvi wa nasaba haumalizwi kwa kushangilia. Nimefanya kazi ya nyaraka miaka 31, nusu yake Unguja na nusu Halifax, na nimeona ndugu wakiacha kuzikana kwa ajili ya jina moja la bibi aliyekufa kabla Seyyid Said hajahamia Zanzibar.

Radegonde Lambert tunaye kwenye karatasi za enzi zake mwenyewe. Mwaka 1671 padri wa Kifransiska, Laurent Molin, alipita nyumba kwa nyumba Port-Royal, kijiji kikubwa cha Akadia, akihesabu watu kwa amri ya serikali ya Ufaransa. Akadia yote haikufikia watu 400. Aliandika jina la mwenye nyumba, kazi yake na umri wake, kisha mke kwa jina la kwao mke, kisha watoto, ng'ombe, kondoo na eneo la shamba. Hapo kwenye jina la mke ndipo Wafaransa wa zamani wanapofanana na sisi wa pwani: mwanamke akiolewa hapotezi ubinti wake. Binti Lambert hubaki binti Lambert mpaka kaburini, na anayetafuta nasaba humshukuru Mungu kwa hilo.

(Msidhani padri alipokewa kwa kahawa na tende. Pierre Lanoue, fundi mapipa, alipoulizwa umri alijibu kwamba yeye ni mzima wa afya na umri wake hautoi. Étienne Robichaud alitoka nyumbani asimwone kabisa, akamwachia mkewe kazi ya kusema kwamba hesabu ya mifugo yake haitolewi. Na mimi nimewahi kugonga milango ya watu namna hiyo, huko Makunduchi.)

Jean Blanchard alijibu. Yeye miaka 60, mkewe Radegonde Lambert miaka 42, watoto sita, watatu wameshaoa na kuolewa. Binti mkubwa, Madeleine, miaka 28. Guillaume, ambaye tutamrudia, miaka 21 na hajaoa. Sensa ya 1686 inawakuta wazee wale wale: Jean 75, Radegonde 65. Piga hesabu. Katika miaka 15 mume ameongezeka 15 sawasawa, na mke ameongezeka 23. Ukishika ile 42 ya kwanza, Radegonde alimzaa Madeleine akiwa na miaka 14. Ukishika 65 ya pili, alimzaa akiwa na miaka 22. Mimi naishika ya pili, ndiyo maana utaona wengi wanakadiria alizaliwa karibu na 1621. Lakini umri ukiyumba hivyo, jina halikuyumba. Waandishi wawili tofauti, miaka 15 katikati, mwenyewe yuko hai ndani ya nyumba yake, na mara zote mbili ni Radegonde Lambert.

Sasa Huguette Poirier katoka wapi? Binamu hakumtunga, na kile kiapo chake kipo kweli.

Mji unaoishi, mwanangu, una jina la Robert Monckton, ofisa wa Kiingereza aliyeiteka ngome ya Beauséjour Juni 1755. Mwaka huo huo Waingereza walianza kuwapakia Waakadia melini na kuwatawanya. Baadhi yao walipelekwa Virginia, Virginia ikawakataa, wakasukumwa Uingereza na kukaa huko kama wafungwa mpaka 1763, halafu wakavushwa Ufaransa. Mwishoni mwa 1765 familia 78 ziliwekwa katika kisiwa cha Belle-Île-en-Mer, pwani ya Bretagne. Vitabu vyao vya ubatizo na ndoa vilikuwa vimebaki ng'ambo au vimepotea. Hivyo mwaka 1767 mahakama ya Bretagne iliamuru kila mkuu wa familia aje aeleze nasaba yake mbele ya mashahidi, ayaandikishe anayoyakumbuka. Watu ambao walikwisha kunyang'anywa mashamba, mifugo na makaburi, waliketi mbele ya mwandishi wakataja babu na babu wa babu. Nimeyasoma mara nyingi maelezo hayo na bado sijayazoea.

Ndani ya maelezo hayo Jean LeBlanc, mume wa Françoise Blanchard, alisema babu wa ukoo, Jean Blanchard, alitoka Ufaransa pamoja na mkewe Huguette Poirier. Jamaa wengine wa upande huo wakasema vivyo hivyo. Kwa macho ya binamu, mashahidi kadhaa walioapa ni wengi kuliko padri mmoja mwenye kalamu. Lakini uliza swali ambalo mimi huliuliza kila mteja: *huyu shahidi, alimwona?* Radegonde alikuwa na miaka 65 mwaka 1686. Waliosema 1767 walikuwa wanazungumzia mtu ambaye hata wazazi wao hawakumfahamu vizuri. Na kama wote walisikia kwa mzee mmoja wa nyumba moja, basi hao si mashahidi kadhaa. Ni shahidi mmoja mwenye midomo mingi.

Kosa lenyewe limefumbuliwa na Stephen A. White, mtaalamu wa nasaba aliyefanya kazi miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Moncton, hapo hapo mlipo. Guillaume yule wa miaka 21 alikuja kumwoa Huguette Gougeon. Mama yake Huguette, Jeanne Chebrat, aliolewa mara mbili: kwanza na Jean Poirier, baadaye na Antoine Gougeon. Kwa hiyo Huguette alikuwa na ndugu wa tumbo moja ambao wote ni Wapoirier, na wana wa ndugu hao wakaenea. Mjukuu aliyekulia nyumba ya Guillaume alimjua bibi mmoja aitwaye Huguette, na kila alipokwenda kwa ndugu za bibi huyo alikuta Poirier. Miaka ikapita, bahari zikavukwa. Bibi Huguette akapewa ubini wa jamaa zake, kisha akapandishwa kizazi kimoja juu, akaketishwa kando ya mkwewe.

Msimcheke. Bibi yangu mzaa mama, wa Mkunazini, alikuwa akitutajia nasaba yetu kila usiku wa Maulidi, majina saba bila kukwama, na mimi niliyaandika kwenye daftari nikiwa darasa la sita. Miaka ishirini baadaye, kazini, nikafungua hati ya wakfu wa nyumba yetu wenyewe. Mama wa babu yake hakuwa yule aliyetutajia. Aliyetutajia alikuwa mke mkubwa, aliyewalea watoto wote wa nyumba ile, na wote walimwita mama. Bibi hakusema uongo hata neno moja. Alituambia nani aliyekuwa mama. Hati iliulizwa swali jingine: nani alizaa, nani arithi. Daftari lile ninalo mpaka leo, na jina la mke mkubwa sijalifuta. Nimeandika pembeni yake, kwa wino mwingine, nilichokikuta kwenye wakfu.

Mwambie binamu naye afanye hivyo. Asiufute mti wake. Aandike Radegonde Lambert, na chini aandike kwamba mwaka 1767 wazao walimtaja Huguette Poirier, na kwa nini. Maelezo ya Belle-Île yana thamani kubwa sana kwa wazazi, wajomba na ndugu waliofia melini, watu ambao msemaji aliwaona kwa macho yake. Kadiri anavyopanda vizazi ndivyo unavyotakiwa kumsikiliza kwa sikio moja.

Tuje kwa wifi. Hapa nitakawia kidogo, kwa sababu jambo lake si la karatasi ya shule tu.

Ndoa kati ya Wafaransa wa Akadia na wenyeji zilikuwepo. Jean-Vincent d'Abbadie de Saint-Castin alimwoa binti wa Madokawando, chifu wa Waabenaki. Mmoja wa wana wa Philippe Mius d'Entremont alioa kwa Wami'kmaq, na wazao wake wanajulikana. Kwa hiyo hakuna anayesema haiwezekani. Swali ni kama ilitokea kwa Radegonde.

Herufi X peke yake haitoshi. Kipimo kile kinasoma vinasaba anavyotoa mama kuwapa watoto wake wote, na ambavyo binti pekee ndiye anayeweza kuviendeleza. X ni shina kubwa na lina matawi. Tawi la X2a linapatikana kwa wenyeji wa Amerika ya Kaskazini, na hapo ndipo uvumi ulipoanzia: watu walisikia X wakakimbilia X2a. Wanawake na wanaume walioshuka kwa Radegonde kupitia mabinti watupu wamepimwa kwa kina zaidi, na tawi lao ni X2b4. X2b ni tawi la Ulaya. Ni sawa na kusikia kwamba mgeni anatoka Kilwa ukadai ni wa Kilwa Kisiwani, bila kuuliza kama alimaanisha Masoko au Kivinje.

Mwulize pia wifi kipimo chenyewe ni cha nani. Kama ni chake, kinaeleza habari za mama yake, mama wa mama yake, na wa juu zaidi kwa njia ya wanawake tu. Akitokea mwanaume mmoja kati yake na Radegonde, hata kama ni Guillaume mwenyewe, basi X yake ni ya mwanamke mwingine kabisa. Hili huwapotosha watu kila wiki. Ukoo wanaurithi kwa baba, kipimo wanakichukua cha mama, kisha wanavifunga pamoja kama kuni.

Na yale mafungu ya asilimia katika vipimo vya kawaida? Ukimhesabu Radegonde vizazi kumi na viwili juu, kila mtu ana nafasi 4,096 za mababu na mabibi katika kizazi hicho. Kwa Waakadia nafasi hizo zinajazwa na watu wale wale wasiofika 400 wa padri Molin, kwa hiyo bibi mmoja huweza kurudi mara nne, tano, kwa njia tofauti. Ndiyo maana binamu wa mbali wa Kiakadia kwenye vipimo huonekana kama binamu wa karibu. Kipimo cha namna hiyo hakiwezi kumwamulia mtu bibi wa karne ya 17.

Sasa baba na mama wa Radegonde. Miti mingi mtandaoni inampa wote wawili, na mara nyingi mama anaandikwa tu kwamba ni mwenyeji. Hakuna sensa, sajili wala hati inayowataja. Sajili za Port-Royal zilizosalia zinaanza 1702, miaka sitini hivi baada ya ndoa yake. Vinasaba vinatuambia njia ya mama yake inarudi Ulaya, na hapo vinanyamaza. Havina jina wala kijiji.

Wifi akiuliza, "Na kama ingekuwa kweli?" mjibu kwamba bado asingekuwa Mmi'kmaq. Wami'kmaq ni watu walio hai, wana jamaa, vijiji na viongozi wao, na wao ndio wanaojua nani wao. Kwa Wametisi, watu wa asili mchanganyiko ya wenyeji na Wazungu, Mahakama ya Juu ya Kanada katika kesi ya Powley ya 2003 ilitaka mambo matatu: mtu ajitambue hivyo, awe na nasaba, na jamii yenyewe imkubali. Bibi mmoja wa mwaka 1621 hawezi kukusimamia peke yake. Kwetu mtu akitokea Lamu na karatasi aliyochapisha nyumbani akajiita Sharifu, masharifu watamwuliza: kwenu ni nyumba gani, na nani anakufahamu?

Kwa mtoto, basi: achore sanduku la Jean Blanchard, kando yake Radegonde Lambert, aandike "sensa ya 1671 na 1686". Juu ya Radegonde achore masanduku mawili na ayaache wazi. Mwalimu akimpunguzia alama kwa masanduku matupu, nipe jina la shule nimwandikie barua.

Jambo moja nimekuwa nikilizunguka. Kabla hamjagombea watu wa 1671, mna uhakika na njia kati ya mama mkwe na Guillaume, au ni Martin, nduguye Guillaume? Sajili za Port-Royal za 1702 mpaka 1755 zipo mtandaoni, picha za kurasa zenyewe, kwenye hazina ya nyaraka ya Nova Scotia. Wewe umesoma Kifaransa Bujumbura. Keti na mama mkwe jioni mbili tatu msome pamoja, mwandiko wa mapadri wale si mgumu kama unavyoonekana mwanzo.

*Mama Shajara, jambo sana.*

*Mimi ni mtu wa Lubumbashi, nimeoa Lafayette, Louisiana, kwa Waakadia wa huku. Babu mmoja wa mke wangu, Joseph, alioa mwaka 1801, na hati inasema ni mwana wa Pierre. Lakini Pierre wako wawili, watoto wa ndugu wawili, umri karibu sawa, na jina la mama limekatika kwenye karatasi. Pembeni kumeandikwa ruhusa ya "daraja la tatu kwa la nne". Inaweza kunisaidia kumchagua Pierre?*

*Mkwe wa Louisiana*

Jambo baba. Inaweza, lakini ina mtego.

Kanisa wakati ule lilikataza kuoana mpaka daraja la nne la damu, na aliyetaka kuoa ndani ya hapo aliomba ruhusa. Daraja zake Kiswahili tunazo tayari. Wana wa mzee mmoja wapo daraja la kwanza, wajukuu wake la pili, vitukuu la tatu, vilembwe la nne. "La tatu kwa la nne" maana yake mmoja wa maharusi ni kitukuu wa mzee fulani na mwingine ni kilembwe wa mzee huyo huyo. Chukua nasaba ya bibi harusi, panda mpaka vizazi vinne, andika majina yote. Kisha panda kwa kila Pierre uone nani anakutana nayo kwa hesabu hiyo.

Mtego ni huu: Pierre wako ni watoto wa ndugu wawili, kwa hiyo babu yao ni mmoja. Babu wa Pierre ni baba wa babu wa Joseph, yaani Joseph ni kitukuu wake kwa njia yoyote utakayochagua. Kama undugu na bibi harusi unapitia kwa mzee huyo, ruhusa inawafaa wote wawili na haikuambii kitu. Itakusaidia tu kama undugu umeingilia kwa mama wa Pierre au kwa mke wake, kwa sababu hapo ndipo Pierre wawili wanapoachana. Soma tena neno lililo pembeni pia. Kama ni undugu wa ushemeji na si wa damu, hesabu inahama kwa mwenzi wa kwanza, marehemu, wa mmoja wa maharusi.

Kabla ya yote hayo nenda mahakamani, usianzie kanisani. Louisiana walirithi sheria ya kugawa mali ya marehemu kwa watoto wote, na faili za mirathi za parokia (huko parokia ni wilaya ya serikali, si ya kanisa) huorodhesha kila mtoto, hata binti aliyeolewa mbali, na jina la mumewe. Tafuta mirathi ya Pierre wote wawili. Yule mwenye Joseph kati ya warithi, na mke wa Joseph ametajwa, ndiye wako. Wakiwa na Joseph wote wawili, niandikie tena.

Na kama ukoo unarudi Grand-Pré, kijiji kingine cha Akadia, una bahati kuliko Mama Wawili: sajili za Grand-Pré za 1707 mpaka 1748 zilibebwa na wakimbizi wenyewe mpaka Louisiana, na leo zimehifadhiwa Baton Rouge, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka hapo ulipo.